Waliokaa Mbele ya Spika

Same,
Jumatano, 4 Desemba 2024

Dada Esta,

Shikamoo. Najua barua hii utaishika kwa ncha za vidole, maana tangu tulipomzika mama miaka minne iliyopita mimi na wewe hatujapeana hata salamu ya Krismasi. Sikuandikii kuomba msamaha. Nakuandikia kwa sababu wewe ni nesi mstaafu, na mimi nina shida ndogo ambayo sitaki watu wa Same waijue.

Jumapili kulikuwa na sherehe ya kipaimara kwenye ukumbi wa nyuma ya soko, watoto thelathini na wawili. Kamati walinitafuta mimi, kama kawaida. Ukiniondoa mimi, wilaya hii haina fundi wa muziki, ina watu wenye redio kubwa. Nilikuja na spika zangu mpya, kila moja inanifika kifuani. Saa nane mchana, chakula kinagawiwa, sauti ikakata. Nikainama mbele ya spika ya kushoto kukagua waya. Nilipouchomeka tena nilikuwa nimesahau kwamba sauti niliiacha juu hadi mwisho. Ukapiga mlipuko kama tairi la lori, halafu mluzi mmoja mkali, sekunde kumi hivi, mpaka nilipofika kwenye mashine nikaizima. Wazee waliziba masikio, watoto wakacheka, mshereheshaji akatania, tukaendelea mpaka saa kumi na mbili.

Tangu hapo sikio la kushoto limeziba kama la mtu aliyetoka kuogelea, na ndani yake mna mlio wa nyenje usio na pumziko. La kulia ni zima kabisa. Nadhani ni vumbi, unaujua upepo wa huku. Naomba unitumie yale matone ya masikio ya hospitalini, yale mazuri, si haya ya dukani.

Usinipigie simu. Ujumbe nao usiandike, maana simu yangu mke wangu Jenifer anaishika kuliko mimi. Mpe Nassoro, kondakta wa basi la Gonja, ndiye aliyekuletea hii. Desemba ndiyo mwezi wa harusi. Fundi wa muziki akisemwa kiziwi mwezi huu, amekwisha.

Mdogo wako,
Eliufoo


Gonja,
Alhamisi, 5 Desemba 2024

Eliufoo,

Marahaba. Matone sikutumii.

Una miaka arobaini na tisa, umekula na kuvaa kwa masikio yako, umejenga kwa masikio yako, na bado unadhani sikio ni tundu la kuingia vumbi. Ngoja nikufundishe kama ninavyomfundisha mama wa mimba ya kwanza. Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Vifikirie kama mpunga wa huku bondeni. Upepo ukipita, mpunga unainama na kuinuka. Mafuriko yakipita, unalala chini. Mwingine utainuka ukiwahiwa, mwingine utaoza hapo hapo, na ulioozea shambani hauoteshwi tena kwa matone.

Fanya hivi. Funga mdomo, guna kama mtu anayeimba bila maneno, na usikilize sauti inaelekea upande gani. Ikienda sikio bovu, huenda ni nta au uchafu, na nitakuwa nimekutukana bure. Ikienda sikio zuri, ugonjwa uko ndani. Vyovyote iwavyo, panda basi kesho uende Moshi, kwenye hospitali kubwa, umwone daktari wa masikio, pua na koo. Kuna vidonge vya kupunguza uvimbe wa ndani, vinavyotakiwa vianze mapema. Siku tatu za kwanza zilikuwa bora kuliko zote, na wewe umezitumia kupokea pongezi. Baada ya wiki mbili matumaini yanakuwa madogo sana. Usitie kitu sikioni. Usisafishe. Usikaribie spika.

Tena, usinidanganye. Kama sikio la kulia lingekuwa zima kabisa, ungejifungia chumbani ukanipigia simu. Umeandika barua ukurasa mzima, wewe ambaye hata shuleni insha ilikuwa inakutoa jasho. Ni yote mawili.

Na hili unijibu: nani mwingine alikuwa mbele ya hizo spika zako?

Mazishi ya mama sijayasahau. Nilikuwa nasoma wasifu wake, nikafika mahali pa kutaja nani alimuuguza na nani hakumuuguza, ukanizimia maiki. Watu mia mbili wakaona mdomo wangu unacheza bila sauti. Nimekaa na hilo miaka minne. Sasa nakuambia nenda Moshi, na hapa hakuna maiki ya kuzima.

Esta


Same,
Jumamosi, 7 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikitafuta mahali uliponipa pole. Sikupaona.

Miaka thelathini ulikuwa wodi ya wazazi. Ulichokuwa unapokea ni watoto, si masikio. Nilikuomba matone, ukanitumia mpunga. Kipimo chako cha kuguna nimekifanya bafuni, na sauti imekwenda kulia, palipo pazima. Kwa hiyo la kulia ni zima kama nilivyokuambia. Asante kwa kunithibitishia.

Nimekwenda duka la dawa hapa stendi kwa mtu mwenye adabu kuliko wewe. Hakunihubiria. Amelisukumia sikio maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, kikatoka kipande cha nta cha ukubwa wa harage. Mlio umezidi kidogo. Amesema hiyo ni dalili ya kufunguka.

Umeniuliza nani mwingine alikuwa mbele ya spika. Hakuna. Nilikuwa peke yangu.

Leo alasiri nina harusi, nitaweka pamba. Moshi nitakwenda Januari, kazi zikipungua, kama bado kutakuwa na sababu. Kuhusu mazishi, ile ilikuwa shughuli ya kumzika mama, si baraza la kumhukumu mtoto wake mbele ya wakwe. Nilizima maiki kwa heshima ya marehemu, na ningeizima tena.

Eliufoo


Gonja,
Jumanne, 10 Desemba 2024

Eliufoo,

Barua yako imefika leo. Maji yalikata barabara upande wa Kisiwani, basi halikupita siku mbili. Hata mvua inakusaidia kujiharibu.

Sauti ilikwenda kulia. Nta ingeipeleka kushoto. Nilikuandikia wazi kabisa, ukasoma kinyume, kisha ukanishukuru. Ukaenda kwa muuza duka akakumwagia maji, halafu ukarudi kusimama kwenye kelele ile ile na pamba. Pamba, Eliufoo, ni ya kufutia makalio ya mtoto mchanga. Hayo ninayajua, ni ya wodi yangu.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo. Nassoro ameileta barua hadi mlangoni kwangu badala ya kuiacha dukani. Nikamkaribisha chai. Akazungusha kikombe mkononi, akasema, "Mama, naomba niulize. Huyu mzee wa muziki anaumwa masikio?"

Nikamwuliza amejuaje.

"Naona anavyonipa barua. Nikimsemesha ananiangalia mdomo. Na mama yangu mdogo naye yuko vile vile. Mama Mwamvita, yule mpishi. Tangu Jumapili ya kipaimara tunamwita hajibu. Jikoni ameunguza wali mara mbili, hasikii sufuria ikichemka. Sisi tunasema ni presha."

Nikamwuliza siku ile alikuwa wapi. Akaniambia alikuwa anapita na sinia la pilau mbele ya spika ya kulia. Mlipuko ulipopiga alianguka magoti, sinia likamwagika. "Mzee Eliufoo mwenyewe ndiye aliyekuja kumsaidia kuokota nyama," akasema, tena kwa shukrani.

Nilikuuliza nani mwingine. Ukaniandikia kwa mkono wako: hakuna. Nimeona wanaume wengi wakikimbia wake zao wanapojifungua, na nilikuwa nawadharau. Leo nawaomba radhi. Wale walikimbia damu. Wewe umekimbia pilau. Siku tisa mwanamke huyu anatembea na dawa yake imefungiwa mdomoni mwako, kwa sababu unaogopa kukosa harusi za Desemba.

Sikukuachia wewe kumwambia. Nimemwandikia mwenyewe, Nassoro anayo barua. Nimemweleza kilichompata, kimetoka wapi, na kwamba Alhamisi alfajiri apande basi la Moshi. Nawe uwe stendi hapo hapo. Sikuombi uende kwa ajili ya masikio yako. Nenda kwa sababu daktari atahitaji kujua kelele ilikuwa kubwa kiasi gani, ilikaa muda gani, mtu alikuwa hatua ngapi, na anayejua ni wewe.

Ile methali ya sikio la kufa sikuandikii. Unaijua, na nimeichoka.

Esta


Same,
Ijumaa, 13 Desemba 2024

Kwa dada Esta,

Assalaam aleikum. Najua wewe ni mtu wa Kanisa, lakini amani ni ya wote. Mwandishi ni Mwamvita, mpishi. Barua yako Nassoro aliniletea, nikaisoma mwenyewe, nikaikunja, nikakaa kitako jikoni. Siku zote zile nilikuwa nasema ni uzee umenidondokea ghafla. Nikiwa naswali nilikuwa nasikia nyenje, nikadhani ni shetani ananichezea. Kumbe ni ndugu yako.

Jana tumekwenda Moshi. Nilimkuta stendi, amevaa koti, amesimama mbali nami kama hatujuani. Sikumwamkia. Njia nzima kila mtu alikuwa na kiti chake.

Daktari ni mwanamke, bado mdogo, ana upole. Aliponisemesha nikaonyesha masikio, akamsemesha na yeye, naye akaonyesha masikio. Akacheka kidogo, akachukua karatasi. Alituingiza wote pamoja kwa kuwa tulisema tumetoka sherehe moja. Akaandika: *Mlisikia kelele gani? Kubwa kiasi gani?* Akampa kalamu ndugu yako, kwa kuwa yeye ndiye mwanamume.

Dada Esta, niliiona kalamu inasimama juu ya karatasi. Nikajiambia, mpe nafasi. Akaandika neno moja: *Radi.*

Hakujua kwamba ninayo barua yako mfukoni. Alidhani mpishi hajui lolote. Na kama ningekuwa sijui, ningetoka pale nimeshukuru, na nimembebesha Mwenyezi Mungu mzigo wa spika zake. Nikamnyang'anya kalamu. Nikafuta radi. Nikaandika: *Spika zake. Mlipuko na mluzi, sekunde kumi. Mimi nilikuwa hatua mbili. Siku kumi na moja sasa. Alijua tangu siku ile.* Nikamsogezea daktari karatasi.

Daktari alimtazama ndugu yako. Mimi nimetazamwa na matajiri ambao nimewapikia, najua jicho la dharau likoje, lakini lile lilikuwa la namna nyingine. Hakumwandikia neno. Aliendelea na kazi.

Alikigonga chuma chenye ncha mbili kikalia, akatuwekea katikati ya paji la uso, kisha tukaingia chumba kidogo kisicho na sauti, tukavaa vitu vya masikioni, unabonyeza kidude ukisikia. Nilikaa mle najua wanapiga sauti, na mimi nasikia nyenje tu. Nililia humo ndani, hakuna aliyeniona. Akanipima sukari na presha kwanza, maana vidonge vyenyewe vinapandisha sukari. Kisha akatuandikia: vidonge kila asubuhi baada ya kula, siku kumi na nne, vikipungua kidogo kidogo mwishoni, mtu asivikatishe. Kukaa mbali na kelele yoyote. Kurudi tarehe tisa Januari. Akaandika pia kwamba tumechelewa, kwamba haahidi kitu, lakini atajaribu.

Nimeanza leo. Nakushukuru wewe. Yeye simshukuru. Stendi tuliporudi alinifuata akanyoosha mkono, mdomo unacheza, sijui alisema nini. Sikutaka kujua. Nilimwachia mkono wake hewani.

Mwamvita


Same,
Ijumaa, 20 Desemba 2024

Dada,

Umefurahi sasa. Umenipeleka Moshi nikadhalilishwa na mpishi mbele ya daktari wa umri wa binti yangu. Ungeweza kuniandikia mimi tu, tukayamaliza kwa heshima, ukaona bora kumwandikia mtu baki. Wewe siku zote ukitaka kusema ukweli unatafuta hadhira kwanza.

Niliandika radi kwa sababu nilitaka tutibiwe tuondoke. Dawa ya radi na ya spika ni moja. Kuna tofauti gani?

Mwamvita amesema sokoni. Hajasema kwa ubaya, wanasema, amesema tu, anapoulizwa kwa nini hapiki mwezi huu. Harusi mbili zimekwenda kwa mtu mwingine. Lakini mimi si wa kuangushwa na maneno ya soko. Jumapili iliyopita nimepiga mkutano wa injili uwanjani, watu mpaka barabarani, na mhubiri amesema hajapata kuona mitambo kama ile.

Vidonge nimemaliza. Vilikuwa vinanikosesha usingizi na uso ulianza kuvimba. Sikio la kushoto bado. La kulia linanitosha. Jenifer sasa anajua, ananisemesha kwa kupaza sauti kama anaita mbuzi. Hilo nalo nimelipata kwa msaada wako.

Krismasi njema.

Eliufoo


Gonja,
Jumatatu, 23 Desemba 2024

Eliufoo,

Ulianza vidonge tarehe kumi na tatu, vya siku kumi na nne, na tarehe ishirini umemaliza. Hesabu hiyo umejifunza wapi? Ulivitupa. Ukaviacha siku ya tatu, ili Jumapili uwe na nguvu za kusimama uwanjani mbele ya mitambo inayokuua, usifiwe na mhubiri. Mwamvita, ambaye unamwita mpishi kana kwamba ni tusi, amejifungia ndani, anameza vidonge vyake kwa uji, amekataa kazi za mwezi mzima. Nassoro ananiambia juzi ameanza kusikia mlango ukigongwa. Yeye ana masikio mawili na akili moja. Wewe ulipewa vyote kwa hesabu hiyo hiyo, ukatumia unavyojua.

Hayo ndiyo niliyotaka kukuandikia, kurasa nne. Nilifika katikati nikayasoma kwa sauti, nikaona yamekaa vizuri, nikafurahi. Ndipo nikajichukia.

Uliniandikia Jumatano. Nikajibu Alhamisi, nikampa Nassoro bahasha, nikasimama kibarazani nikitazama basi linaondoka. Lilikuwa na viti. Mimi ni nesi, nilijua kila siku ina uzito wake, na yule anayeumwa ni mtoto niliyembeba mgongoni. Ningepanda basi lile lile nililopakia barua. Ningefika kwako saa nne, ningekushika sikio lile lile bovu nikakupeleka Moshi, na ningepita ukumbini kuuliza mwenyewe. Sikupanda. Nilitaka usome jinsi ulivyo mjinga kabla sijakusaidia. Nilikuwa nimesubiri miaka minne nafasi ya kukuambia kitu usichoweza kukizima, na nilipoipata sikutaka kuiharibu kwa kuja.

Kwa hiyo dharau yangu nayo imekula siku zako, na siku za Mwamvita. Sikuombi unisamehe. Nakuambia ujue.

Ila kuna kubwa kuliko hayo, na limenijia leo asubuhi kanisani, watoto wa shule ya Jumapili wanaimba mazoezi ya Krismasi. Nilikuuliza nani mwingine, nikampata Mwamvita, nikaridhika, nikarudi kukutukana. Watoto wa kipaimara walikuwa thelathini na wawili. Sherehe ilikuwa yao. Meza yao ilikuwa wapi?

Nijue au nisijue haisaidii. Wewe unajua.

Esta


Same,
Jumamosi, 11 Januari 2025

Dada Esta,

Shikamoo.

Meza yao ilikuwa mbele, upande wa kulia, kati ya spika na keki.

Nilisoma barua yako tarehe ishirini na nne, nikaikunja. Sikukusudia kufanya lolote. Krismasi nilikwenda ibadani, nikaketi nyuma, na kwaya ilipoimba niliona midomo tu na mkono wa mwalimu ukipanda na kushuka. Nikatafuta kwa macho wale watoto thelathini na wawili. Walikuwa wamevaa nguo zile zile nyeupe za kipaimara. Nilianza kuwatazama mmoja mmoja nikijiuliza yupi anafuata wimbo kwa masikio na yupi anamwigiza jirani yake. Sikuweza kujua. Nikatoka kabla ya baraka.

Nilikwenda kwa Mwamvita siku ya pili yake. Sikuweza kwenda peke yangu majumbani, nisingesikia wazazi wanajibu nini, na yeye sikio moja lilikuwa limeshaanza kurudi. Nilimwambia hivyo. Aliniacha nimesimama uani muda wa kupeta ungo mzima wa mchele. Kisha akasema kwa sauti ya juu, akiupanga mdomo vizuri nione, "Nitakwenda. Si kwa ajili yako."

Siku tatu tulizunguka. Orodha nilipewa parokiani. Kila mlango nilisema maneno yale yale: mimi ndiye fundi wa muziki, siku ya kipaimara nilifanya uzembe, spika ililipuka, naomba kujua kama mtoto wenu anasikia. Wengine walicheka, wakamwita mtoto, akaja. Wengine walinikaribisha chai, na hao walikuwa wagumu kwangu kuliko waliocheka. Baba mmoja alinifungia mlango, Mwamvita akaugonga tena mpaka akafungua. Watoto watano walisema walisikia mlio siku mbili tatu, ukaisha. Tuliwaandika wote.

Nyumba ya ishirini na sita ni ya Anold, seremala. Nilimwambia maneno yangu. Akajibu, Mwamvita akanirudia: "Anasema wake anasikia sana. Shida yake ni jeuri."

Binti yao anaitwa Victoria, ana miaka kumi na minne. Tangu kipaimara, Mwamvita akaendelea kunirudia, amebadilika. Akiitwa haitiki. Akitumwa chumvi analeta sukari. Darasani mwalimu amemwita mara tatu, hakugeuka, akachapwa kwa kiburi. Nyumbani baba yake amemchapa pia, na mama yake amemnyima nguo ya Krismasi, kwa kuwa mtoto akishapata kipaimara halafu akaanza dharau, ni vizuri akomeshwe mapema. Binti mwenyewe ameulizwa mara nyingi kwa nini hajibu. Hasemi. Analia tu, na hilo nalo walilihesabu kuwa jeuri.

Alikuwa pale uani, ametupa mgongo, anachambua maharage. Nilimwomba Anold amwite. Akamwita. Nililiona koo lake linavyojaa. Bibi mmoja aliyekuwa kibarazani aligeuka, kuku wakaruka, na mimi kiziwi nilisikia kitu. Victoria aliendelea kuchambua maharage.

Nikasema, "Baba Victoria, siyo jeuri. Ni mimi."

Anold alikaa chini kwenye gogo la kazi. Alisema maneno mengi, mdomo ukicheza polepole, macho kwangu. Nilimtazama Mwamvita anirudie. Mwamvita hakurudia hata moja. Alitazama chini mpaka yule mtu alipomaliza. Nilistahili kuyasikia yote, dada, na sikuyasikia.

Tarehe thelathini tulikwenda Moshi, mimi, Victoria na mama yake. Daktari ni yule yule. Nilichukua karatasi kabla hajaandika, nikaandika kila kitu: spika, mlipuko, sekunde, hatua, siku ishirini na tisa, na kwamba nilijua. Alisoma, akatikisa kichwa, safari hii akanijibu. Aliandika: *Ungekuja naye siku ile ya radi.* Akaigeuza karatasi, akaanza kumpima mtoto.

Sikio lake la kulia limeumia sana, la kushoto kidogo. Amempa vidonge, na sindano ya dawa ndani ya sikio, na amesema wazi kwamba kwa siku zilizopita asitegemee mengi. Mama yake aliuliza kama angekuja wiki ya kwanza ingekuwaje. Daktari akasema hawezi kujua, labda nafasi ingekuwa kubwa zaidi. Nilimsoma mdomo.

Juzi tarehe tisa tulirudi wote. Mwamvita amepona sikio moja karibu lote na la pili nusu. Ameanza kazi, ila ameweka sharti kwamba hapiki penye muziki wa mtu asiyemjua. Langu la kushoto limekufa. La kulia limeshuka tangu ule mkutano wa injili. Daktari hakunikemea, alinionyesha tu michoro miwili, ya Desemba na ya sasa. Victoria amepata kidogo. Ataandikiwa kifaa cha kuvaa sikioni, na shuleni atakaa mbele. Nimekwenda kwa mwalimu wake mwenyewe. Nimemwambia yaliyotokea, mbele ya walimu wenzake, na nilikataa kiti.

Spika zimefungiwa. Sijui nitafanya kazi gani. Jenifer anasema tutaona.

Jana jioni jua lingalipo nilipita kwa Anold kupeleka cheti cha vipimo. Hakunikaribisha, alikipokea mlangoni. Nyuma yake niliona uani. Victoria alikuwa ameketi anasoma, ametupa mgongo. Mama yake alikuwa anafua. Aliinua kichwa, akafungua mdomo kumwita, akaufunga. Akaacha nguo kwenye beseni, akafuta mikono kwenye kitenge, akazunguka kisima na kamba ya nguo, akaja akachuchumaa mbele ya uso wa binti yake. Alisubiri mpaka mtoto alipoinua macho. Ndipo akasema alichotaka kusema.

Mdogo wako,
Eliufoo